Lyon kwa siku moja ya meli ya mtoni: tusiishie kilima cha sala, tupande na kilima cha wafumaji

Mleta uzi

Waungwana, assalaam alaykum, na habari za wakati huu kwa wote.

Nimeona humu jukwaani watu wakiuliza mara kwa mara kuhusu safari za meli za mtoni nchini Ufaransa, hasa zile zinazoanzia Lyon na kuteremka mto Rhône hadi Avignon na Arles, na majibu wanayopewa huwa ni ya bei, ya viza na ya ukubwa wa vyumba. Mimi nimerudi Pemba hivi karibuni kutoka katika safari hiyo, ambayo binti yangu anayeishi Ujerumani alinizawadia mimi na mdogo wangu baada ya mimi kustaafu kazi ya kufundisha historia. Nimeanzisha uzi huu ili nizungumze juu ya mji wenyewe wa Lyon, kwa sababu nimeshuhudia jinsi abiria wa meli nzima walivyopelekwa kuutembelea wakarudi wakiwa wameuona nusu, na nusu waliyoikosa ndiyo inayoieleza ile waliyoiona.

Kampuni iliyotusafirisha sitaitaja. Asubuhi baada ya chai tulipandishwa mabasi, tukapelekwa juu ya kilima cha Fourvière, tukapewa dakika 40 za kuingia kanisani na kupiga picha za mji kutoka juu, kisha tukateremshwa hadi mji wa kale, tukatembezwa mitaa miwili mitatu, na saa sita na nusu tulikuwa tumeketi mezani melini. Nilimuuliza mwongozaji wetu kuhusu kile kilima kingine kilichokuwa kinaonekana upande wa kaskazini, kimejaa majumba marefu yenye madirisha mengi yaliyopangana, akanijibu kwamba kule ni makazi ya watu tu. Mchana ulikuwa huru. Wenzetu wengi walikwenda madukani au wakalala, na sisi wawili tukapanda kule kwenye makazi ya watu.

Nianze na maji, maana bila mito mji huu haueleweki. Lyon imekaa pale Saône inapokutana na Rhône. Saône unatoka kaskazini na ni mpole kiasi kwamba Julius Kaisari aliandika kuwa jicho haliwezi kutambua unaelekea upande gani. Rhône wenyewe unatoka kwenye milima ya theluji ya Uswisi, unapita Ziwa Geneva, na unaingia mjini kwa kasi. Meli nyingi hufunga gati ya ukingo wa kushoto wa Rhône. Ukitoka hapo kwa miguu, ukavuka daraja, ukapita uwanja mkubwa wa Bellecour wenye sanamu ya mfalme Louis wa 14 juu ya farasi, kisha ukavuka daraja la pili la Saône, unafika mji wa kale kwa mwendo wa dakika kama 20. Basi la kampuni halihitajiki, isipokuwa kwa mwenye magoti mabovu.

Watu wa Lyon wenyewe wana msemo juu ya vilima vyao viwili: Fourvière ni kilima kinachosali, na Croix-Rousse ni kilima kinachofanya kazi. Mabasi yalitupeleka kwenye sala peke yake.

Sisemi Fourvière haifai. Hapo ndipo Warumi walipoasisi mji wao wa Lugdunum mwaka 43 kabla ya Kristo, ukaja kuwa mji mkuu wa Gaul, yaani nchi ya Ufaransa ya zama hizo, na humo alizaliwa Claudius aliyekuwa kaisari. Ukumbi wao wa wazi wa maonyesho bado umelala ubavuni mwa kilima, ngazi kwa ngazi za mawe, na pembeni yake kuna mwingine mdogo zaidi. Kwenye makumbusho yaliyochimbiwa humo humo kilimani kuna bamba la shaba nyeusi lililofukuliwa mwaka 1528, nalo limechongwa hotuba aliyoitoa Claudius mwaka 48 mbele ya Seneti ya Roma, akitetea wakuu wa Gaul waruhusiwe kuingia katika baraza hilo. Nimefundisha habari za dola ya Roma kwa miaka mingi kutoka vitabuni, na siku ile nilisimama mbele ya maneno yale yakiwa yamekatwa kwenye chuma, herufi nzuri zilizopangika kama mwandiko wa mwanafunzi bora, nikawa sitaki kuondoka. Basi letu halikusimama hapo. Bamba hilo nililifuata mwenyewe kesho yake asubuhi kabla meli haijang'oa nanga.

Kanisa kubwa jeupe la Notre-Dame lililoko kileleni si la kale kama wageni wengi wanavyodhani. Lilijengwa kuanzia 1872, kutokana na nadhiri iliyowekwa mwaka 1870 kwamba mji ukisalimika na majeshi ya Prussia, dola ya Wajerumani, Bikira Maria atajengewa kanisa. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha kikanisa kidogo kilichokuwapo kabla yake. Mwaka 1852 sanamu ya Bikira Maria ilikuwa izinduliwe juu ya mnara wake mwezi Septemba, lakini Saône ulifurika na sherehe ikaahirishwa hadi tarehe 8 Desemba. Siku hiyo nayo ikaja na dhoruba, viongozi wakataka kuahirisha tena, halafu mbingu ikafunguka jioni, na watu wakaweka mishumaa kwenye madirisha yao bila kuamriwa na mtu. Hadi leo mji mzima huwashwa taa kila Desemba kwa sababu ya jioni hiyo.

Chini ya kilima, kati yake na Saône, ndipo ulipo mji wa kale, mitaa ya Saint-Paul, Saint-Jean na Saint-Georges. Ulikuwa karibu kubomolewa katikati ya karne iliyopita, lakini mwaka 1964 ukawa eneo la kwanza Ufaransa kuwekwa chini ya sheria mpya ya kuhifadhi miji ya kale, na mwaka 1998 UNESCO ikauweka katika urithi wa dunia pamoja na vilima vyote viwili. Ukisimama mbele ya kanisa kuu la Saint-Jean, angalia milango yake kwa makini: malaika wengi na watakatifu hawana vichwa, maana askari wa Kiprotestanti walivikata mwaka 1562 katika vita vya dini.

Sasa vichochoro. Wafaransa wa huko huviita traboule, na jina hilo husemwa limetokana na neno la Kilatini la kupita katikati. Ni njia zinazoanza kwenye mlango wa kawaida wa nyumba, zikapita chini ya nyumba yenyewe, zikatokea uani penye ngazi za mzunguko na kisima, zikaingia nyumba ya pili, na kukutoa mtaa mwingine kabisa. Mrefu kuliko yote katika mji wa kale unaanzia nambari 54 mtaa wa Saint-Jean na kutokea nambari 27 mtaa wa Bœuf. Sisi tuliozoea vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja hatupotei humo, lakini tofauti ni kwamba vya kwetu viko wazi juu na vya kwao vimefunikwa na maisha ya watu: unapita chini ya jiko la mtu, unasikia vyombo vikioshwa. Niliona kundi la abiria wenzangu likiingia kwa kelele na kupiga picha madirisha, na niliona aibu.

Tukapanda Croix-Rousse. Unachukua metro hadi kituo cha Hôtel de Ville, kisha unabadilisha kwenda mstari C, ambao reli yake ina meno katikati kwa sababu ya ukali wa mlima. Juu kabisa kuna uwanja, soko, na watu wanaoendelea na shughuli zao. Hatua chache kutoka hapo, mtaa wa Ivry, ipo nyumba ya makumbusho ya wafumaji wa hariri, ambao huko waliitwa canuts.

Hariri ilianza kuwa kazi ya Lyon mwaka 1536, mfalme Francis wa Kwanza alipoupa mji huo upendeleo wa kufuma ili Ufaransa ipunguze kununua kutoka Italia. Kwa karne mbili na nusu kazi hiyo ilifanyika zaidi kule chini, katika mji wa kale. Kilichoipandisha kilimani ni mtambo wa kufumia wa Joseph Marie Jacquard, mzaliwa wa Lyon, aliouonyesha mwanzoni mwa karne ya 19. Ulikuwa mrefu mno kwa dari za mji wa kale, kwa hiyo pakajengwa Croix-Rousse majumba mapya yenye vyumba vya kimo cha kama mita 4, boriti nene za kubeba uzito, na madirisha makubwa ya kuingiza nuru, kwa sababu mfumaji asiyeona rangi vizuri huharibu kazi. Yale madirisha mengi niliyoyaona kutoka Fourvière asubuhi ndiyo hayo. Mji mzima wa kilimani umekatwa kwa kipimo cha kitanda cha mfumi, yaani huo mtambo wa kufumia.

Niwaeleze tulichokiona ndani. Fundi mmoja wa makamo aliketi kwenye ubao mbele ya kitanda, akakanyaga kibao cha mguuni, na juu ya kichwa chake chuma kikajibu. Wenyeji walikiita kitanda hicho bistanclaque kwa kuigiza mlio wake, na masikio yangu yanashuhudia kwamba hawakukosea. Juu kabisa palikuwa na mkufu mrefu wa kadi za karatasi ngumu, zimeshonwa moja kwa nyingine, kila moja imetobolewa matundu kwa mpangilio wake. Kila kadi ni mstari mmoja wa mshindio, yaani uzi unaopita kwa upana wa kitambaa. Palipo na tundu, sindano inapenya, ndoano inabaki mahali pake, na nyuzi zake za mtande, zile zinazokwenda kwa urefu, zinainuliwa. Pasipo na tundu, sindano inasukumwa nyuma na nyuzi zinabaki chini. Fundi anapitisha uzi wa mshindio katikati, anaukaza, anakanyaga tena, kadi inayofuata inageuka. Kabla ya mtambo huu alihitajika msaidizi, mara nyingi mtoto, wa kuvuta kamba kwa mkono saa zote za siku.

Mdogo wangu ni msusi wa ukili. Hajasoma sana, lakini anabeba kichwani hesabu ya kila mkeka aliowahi kuusuka: miyaa miwili juu, mmoja chini, hapa zambarau iingie, hapa itoke. Wakati mimi nikisoma maelezo ukutani, yeye alisimama karibu na kitanda akihesabu kwa vidole vyake ubavuni mwa gauni. Fundi akamwona. Hawana lugha ya pamoja hata neno moja. Akasimamisha kazi, akaitoa kadi ya zamani kwenye rundo, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akamwonyesha safu ya matundu na kisha akamgusisha ua lilelile kwenye kitambaa. Mdogo wangu akaniambia kwa Kipemba chetu, "Wameiandika hesabu." Katika vyote nilivyofafanuliwa juu ya Jacquard, kabla na baada, sijasikia maelezo yaliyo sahihi kuliko hayo.

Mwaka 1839 wafumaji wa Lyon walifuma kwa hariri picha ya Jacquard mwenyewe kwa kutumia kadi zipatazo 24,000, na imefumwa vizuri kiasi kwamba watu waliiona wakadhani ni mchoro uliochapishwa.

Lakini hariri hiyo haikuwashibisha walioifuma. Ilipofika mwaka 1831 kulikuwa na mafundi wenye vitanda wapatao 8,000 na vibarua wapatao 30,000, wote wakilipwa kwa kipande na matajiri wachache waliomiliki uzi na kuuza kitambaa. Bei ya kipande ilipozidi kushuka, wafumaji waliomba iwekwe bei ya chini isiyovukwa. Mwezi Oktoba makubaliano yakapatikana mbele ya mkuu wa wilaya, matajiri kadhaa wakakataa kuyafuata, na tarehe 21 Novemba wafumaji wakateremka kutoka Croix-Rousse wakiwa na bendera nyeusi iliyoandikwa kwamba wataishi kwa kufanya kazi au watakufa wakipigana. Waliushika mji kwa siku kadhaa, hadi jeshi kubwa lilipoingia mwanzoni mwa Desemba, na ile bei waliyoipigania ikafutwa. Mwaka 1834 waliinuka tena, na safari hiyo damu ilimwagika zaidi.

Teremkeni kutoka kilimani kwa miguu. Piteni uwanja wa Colbert, nambari 9, mtaingia ua uitwao Voraces, wenye ngazi kubwa ya mawe ya ghorofa sita iliyo wazi kama kifua. Vichochoro vya upande huu havina nakshi za mji wa kale; ni vya kazi, na wafumaji walivitumia kubeba marobota ya hariri bila kunyeshewa. Ngazi zile zimelika katikati kwa nyayo. Mimi hapo niliketi.

Mchangiaji, Mombasa

Mwalimu, shukrani kwa uzi uliotulia. Nina maswali mawili. Mama yangu ana miaka 71 na tunapanga kumpeleka mwakani; je, atavimudu vilima hivyo? Na katika vichochoro, mtu atajuaje mlango upi unaruhusiwa na upi ni wa nyumba ya mtu? Mimi siwezi kumpeleka mzee wangu kugusa milango ya watu ugenini.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Mombasa, mzee ataweza ikiwa mtapanda kwa treni na kushuka taratibu. Fourvière ina treni ndogo inayovutwa kwa kamba ya chuma kutoka kituo cha Vieux Lyon, na inamfikisha mlangoni mwa kanisa. Croix-Rousse ina metro niliyoitaja. Tatizo ni kuteremka, kwa sababu mawe ya barabarani ni ya mviringo na ngazi ni nyingi. Ikiwa magoti yana maumivu, arudi kwa metro ileile baada ya makumbusho, na hatakuwa amekosa kiini.

Kuhusu milango, vichochoro viko mamia, ila vilivyo wazi kwa wageni ni vichache, na vingi vya hivyo vina kibao kidogo ukutani. Halmashauri ya mji imekubaliana na wenye nyumba: wao huacha njia wazi mchana, nayo huchangia taa na matengenezo. Mlango unasukumwa, au kuna kitufe cha kubonyeza pembeni. Usipofunguka, basi, si wa kwetu. Ukiingia, sema kwa sauti ya chini kama unavyopita kwenye baraza ya watu. Kwetu mtu hapiti uani kwa mwenziwe bila hodi, na kule hodi yetu ni ukimya.

Mchangiaji, Brussels

Mama Mwalimu, jambo. Mimi ni mtu wa Lubumbashi, ninaishi Ubelgiji, na Lyon nimefika mara nne. Ninaheshimu ulichoandika, lakini ninapingana nawe katika jambo moja. Ukiwa na siku moja tu, mahali pa kwanza si kilima chochote. Ni makumbusho ya upinzani dhidi ya Wanazi wa Ujerumani walioikalia Ufaransa, na ya uhamisho wa Wayahudi, barabara ya Berthelot, ambayo yako karibu sana na gati mlipofunga, hata dakika 15 kwa miguu hazifiki. Jengo hilo lilikuwa shule ya madaktari wa jeshi, na kuanzia 1943 Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walilifanya makao yao. Klaus Barbie, mkuu wao mjini Lyon, alitesa watu humo. Jean Moulin, aliyeunganisha makundi ya upinzani, alikamatwa Caluire, kwenye mwendelezo wa kilima chako hichohicho cha Croix-Rousse, tarehe 21 Juni 1943. Watoto 44 wa Kiyahudi walichukuliwa kutoka nyumba waliyofichwa kijijini Izieu tarehe 6 Aprili 1944 kwa amri ya Barbie huyo. Alihukumiwa mjini Lyon mwaka 1987, kifungo cha maisha, akiwa mtu wa kwanza Ufaransa kuhukumiwa kwa jinai dhidi ya ubinadamu. Sisi tunaotoka mashariki ya Congo na Katanga tunajua thamani ya mji uliothubutu kumleta mtu kama huyo mahakamani baada ya miaka arobaini na zaidi. Hilo kwangu ni kubwa kuliko hariri.

Mleta uzi

Kaka yangu, nimesoma ujumbe wako mara mbili, na sitakupinga kwa sababu sina haki ya kukupinga. Sikufika hapo. Meli yetu ilikuwa imefunga karibu nalo na hakuna aliyetutajia, na hilo linanisikitisha zaidi kuliko kilima. Ninachoweza kuongeza ni kwamba vichochoro nilivyovieleza ni sehemu ya habari hiyo pia, maana watu wa upinzani walivitumia kuwapotea wanaowafuata: anaingia mtaa huu, anatokea ule, na askari mgeni anabaki mbele ya mlango. Kwa anayekwenda, ningebadilisha ushauri wangu hivi: asubuhi awaache wenzake wapande basi, yeye aende Berthelot, na alasiri apande Croix-Rousse. Fourvière ataiona kutoka kila pembe ya mji, haijifichi.

Mchangiaji, Bagamoyo

Mwalimu, naomba niunganishe vilima vyako viwili, kwa sababu umevitenga kuliko vilivyo. Ubavuni mwa Fourvière ipo nyumba ya Pauline Jaricot, binti wa mfanyabiashara wa hariri, ambaye mwaka 1822 chama cha Kueneza Imani kilianzishwa Lyon kutokana na mpango wake. Mpango huo ulikuwa rahisi: vikundi vya watu kumi kumi, kila mtu anatoa sarafu moja ndogo kwa wiki, na waliotangulia kutoa walikuwa wafanyakazi wa hariri. Sarafu hizo zilikuja kusaidia misheni duniani kote, zikiwemo za mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika Unguja na kisha kujenga hapa Bagamoyo mwaka 1868, wakawapokea watumwa waliokombolewa. Jaricot alitangazwa mwenye heri mjini Lyon mwezi Mei 2022. Mimi nimekulia karibu na ule mnara wa kanisa la kwanza hapa kwetu, na ninapousoma uzi wako ninafikiri kwamba huenda sehemu ya mawe yetu imelipiwa na mtu aliyeketi kwenye kitanda kama kile.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Bagamoyo, nimepokea sahihisho hili kwa mikono miwili. Nilipita mbele ya nyumba hiyo nikiwa ndani ya basi na sikujua. Umenionyesha kwamba maskini wa kilima kimoja ndio waliokuwa wakichangia sala ya kilima cha pili, na kwamba tofauti niliyoichora mimi ni ya mtu aliyekaa siku mbili.

Mchangiaji, Muscat

Mwalimu, assalaam alaykum. Lyon inasifiwa kuwa mji wa chakula kuliko yote Ufaransa. Mliishije nyinyi wawili na halali yenu?

Mleta uzi

Wa alaykum salaam. Kwa kweli mikahawa yao ya asili, wanayoiita bouchon, imejaa nyama ya nguruwe na matumbo, na mvinyo huingia hata kwenye mchuzi, kwa hiyo tulikula kwa uangalifu. Kuna chakula chao maarufu kiitwacho quenelle, kinachopondwa kwa samaki wa mtoni na mayai, kikavimba kama andazi. Uliza kwanza mchuzi umepikwa kwa nini. Kilichotufaa zaidi ni kile cha wafumaji wenyewe, jibini bichi laini lililochanganywa na majani ya kitunguu, thumu na mafuta, ambalo matajiri walilipachika jina la dharau, "ubongo wa mfumaji". Huliwa na mkate, na ni tamu. Kuna pia kitobosha chenye lozi zilizopakwa sukari nyekundu, na mdogo wangu amekizungumza mpaka leo. Kwa anayetaka kuswali jamaa, msikiti mkuu wa Lyon ulifunguliwa mwaka 1994, uko mbali kidogo na mji wa kale lakini unafikika kwa usafiri wa umma.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Habari Mwalimu. Je, hariri bado inafumwa huko kwa maisha ya kweli, au kilichobaki ni maonyesho ya watalii?

Mleta uzi

Inafumwa, ila ni kidogo mno ukilinganisha na zamani. Katikati ya karne ya 19 ugonjwa wa viwavi vya hariri uliharibu ufugaji wa kusini mwa Ufaransa, hata Louis Pasteur akatumwa mwaka 1865 kuutafutia dawa, na Lyon ikazidi kutegemea uzi kutoka Asia. Baadaye zikaja mashine za umeme na nyuzi za viwandani, na vitanda vya Croix-Rousse vikanyamaza kimoja baada ya kingine. Vyumba vyake virefu sasa vinakaliwa na familia zenye uwezo, ambazo hujenga dari ya pili ndani kwa ajili ya vitanda vya kulalia.

Lakini ipo kampuni ya Prelle, iliyoanza mwaka 1752 na bado iko kilimani hapo, inayofuma upya vitambaa vya majumba ya kifalme kama Versailles kwa kufuata michoro ya kale iliyohifadhiwa. Mahameli ya kukatwa kwa mkono wanayoitengeneza huendelea kwa sentimita chache tu kwa siku. Yule fundi wa mtaa wa Ivry alituonyesha kipande chake, upana wa viganja viwili. Juu yake kulikuwa na maelfu ya vitanzi vidogo vya uzi vilivyosimama wima, na alikuwa akipitisha kisu chembamba ndani ya kijifereji cha waya, akakata safu moja, akakipuliza, akapapasa kwa kidole gumba kuhakikisha hakuna kitanzi kilichosalia. Alirudia mara tatu tukiwa tumesimama hapo. Mdogo wangu ndiye aliyekumbuka kwamba meli yetu inaondoka saa tano asubuhi ya siku inayofuata na kwamba kulikuwa na muda bado, kwa hiyo tukabaki mpaka walipokuja kufunga madirisha.